Majaribio yanayopima Laravel, hayapimi Bukavu

Ukifungua mradi mpya wa Laravel leo, kabla hujaandika hata mstari mmoja, utakuta tayari kuna majaribio mawili ndani. La kwanza linahakikisha kwamba kweli ni kweli. Sichezi: kazi yake yote ni kuuliza kama "true" ni "true". La pili linafungua ukurasa wa mwanzo na kuangalia kama seva imejibu 200, maana yake ukurasa umefunguka. Ukiandika amri ya kuyaendesha, skrini inakuletea kijani: mawili yamepita. Na wewe bado hujafanya kitu. Waliotengeneza Laravel hawana kosa hapo, waliweka mfano tu, kama mtu anayekuachia jembe mlangoni. Shida inaanza pale mradi umekwisha kupewa jina, umetetewa mbele ya juri, umewekwa mikononi mwa watu, na majaribio bado ni yale mawili, au yameongezewa mengine thelathini yenye akili ile ile.

Mradi ninaouzungumzia hapa umetengenezwa na wandugu wawili wa hapa Bukavu waliomaliza lisanse ya informatika. Wamekubali niuandike bila majina, na mimi nimewaambia sitaficha kitu. Ni tovuti ya kupokea mazao. Mkulima anafika kwenye depo na maharagi yake au kahawa yake, mtunza depo anapima, anaingiza jina, kilo na bei katika fomu, na mwisho wa msimu tovuti inatoa orodha ya nani alipwe ngapi. Waliniletea nisome juu mimi ni mtu wa agronomia, walitaka nihakiki majina ya mbegu na vipimo. Nilihakiki, vilikuwa vizuri. Lakini kilichonivuta ni folda ya majaribio, juu katika memwari yao iko na sura nzima inayosema mfumo "umejaribiwa kwa njia ya kujiendesha".

Niseme mara moja kwamba kati ya kazi nilizowahi kusoma, hao ndio wamefika mbali. Kazi nyingi zina kurasa arobaini za michoro ya UML au ya MERISE, halafu sura ya majaribio ni picha tatu za skrini: fomu ya kuingia, nenosiri baya, nenosiri zuri. Siku ya kutetea, mmoja anabonyeza mbele ya juri, kitu kinafunguka, watu wanapiga makofi: inatembea! Kwetu programu haifanyi kazi, inatembea, na ikisha tembea mara moja mbele ya watu, imekwisha. Hawa wawili walijua hiyo haitoshi. Kwa hiyo ninapowakosoa, nawakosoa kama watu waliokwisha kupita wengi.

Kwa wale ambao si wa informatika: jaribio la kujiendesha ni kaprogramu kadogo kanakobonyeza programu kubwa na kuangalia kama jibu ni lile linalongojewa. Unakaandika mara moja, halafu mashini inakarudia kila unapobadilisha kitu, bila kuchoka na bila kusahau. Kuyapanga majaribio hayo ni kuamua mambo machache: yatumie hifadhi gani ya data, saa ya wapi, lugha gani, yaendeshwe lini, na yakianguka nani aambiwe. Maamuzi mengi ya aina hiyo yamekaa katika faili moja, phpunit.xml, ambalo wengi hawalifungui hata siku moja.

Sisi wa agronomia tuko na ndugu yake: jaribio la kuota kwa mbegu. Kanuni za kimataifa za ISTA zinadai mbegu 400, kwa kawaida mia mia mara nne, na zichukuliwe kwenye sampuli bila kuchagua. "Bila kuchagua" ndiyo shina la kanuni yote. Mtu anayetaka gunia lake lipite anaweza kutia mkono juu tu, akateua mbegu nono, akaziotesha mahali safi, akakuletea asilimia 98. Kuhusu zile 400 hajadanganya. Ila mkulima wa Walungu hatapanda zile 400. Atapanda zilizobaki chini ya gunia, zenye tundu za wadudu.

Mradi huu uko na majaribio 34. Mengi kati yake yalikuja yenyewe na Breeze, kile kifurushi cha Laravel kinachokupa kurasa za kuingia, kubadilisha nenosiri na kadhalika. Ni majaribio mazuri, lakini yanahakikisha kwamba kazi ya watu wa Laravel ni nzuri, jambo ambalo watu wa Laravel wanalijua. Yaliyoandikwa na wenyewe ni machache, na humo ndimo nilikuta mbegu zilizoteuliwa.

Mkulima wa jaribio anaitwa John Doe. Wengine wametungiwa majina na Faker, maktaba ya kutunga data ya uongo, ambayo usipoiambia kitu inakutungia Wamarekani. Wote walisajiliwa, kijani. Basi nikaomba tumsajili mtu wa Kabare. Fomu ina sehemu mbili, "jina" na "jina la kwanza". Kitambulisho cha kwetu kiko na tatu: nom, postnom, prénom, tangu siasa ya uhalisi ya Mobutu mwaka 1972 ituachie postnom. Tukabana mawili katika moja. Tena jina lenyewe liko na ile alama ya juu, kama M'Cito, jinsi Bashi wengi wanavyoandikwa. Fomu ikakataa: jina liwe na herufi peke yake. Juu ya nini? Juu kanuni ya kuhakiki jina waliyoiweka ni ile ya Laravel inayoitwa alpha, na alpha inakubali herufi tu. Alama ya M'Cito si herufi. Nafasi kati ya nom na postnom si herufi. John ni herufi tupu, Doe pia.

Angalieni vizuri kilichotokea hapo. Jaribio halikusema uongo, fomu inasajili watu kweli. Inasajili watu wasiokuwepo. Na mtunza depo akikataliwa hatafunga depo, kuna watu kumi wako kwenye foleni na mvua inakuja. Leo ataandika MCito, kesho mwenzake ataandika Cito, keshokutwa mwingine ataandika postnom peke yake. Mwisho wa msimu mkulima mmoja amekuwa watu watatu, kila mmoja na sehemu ya kilo zake, na mezani anaitwa mmoja. Hata ukiiruhusu alama, ziko mbili: iliyonyooka ya klavye ya mashini, na iliyopinda ambayo telefone nyingi zinaiweka zenyewe. Kwa jicho ni moja, kwa kompyuta ni mbili. Jaribio linalostahili jina hilo lingekuwa na alama zote mbili, na lingedai mtu abaki mmoja.

Msimu ndio ulinishtua zaidi, juu hapo ni nyumbani kwangu. Huku Kivu Kusini msimu A unaanza Septemba, mvua zikirudi, na mavuno yanaingia Desemba na Januari, mengine yanachelewa mpaka Februari. Msimu B ni kutoka Februari mpaka Juni, na C ni wa mabondeni wakati wa kiangazi. Yaani msimu A unavuka mwaka mpya kila mara. Kode yao inachukua mwaka kwenye tarehe ya kupima. Aliyeleta maharagi tarehe 28 Desemba yuko msimu A wa mwaka huo. Jirani yake aliyepanda siku moja naye, akaleta tarehe 4 Januari, yuko msimu A wa mwaka unaofuata, pamoja na watu ambao bado hawajatafuta mbegu. Na jaribio liko, limeitwa vizuri kabisa "inahesabu jumla ya msimu", na linapita. Linapita juu mazao yote mawili ya jaribio yanaingizwa "leo", na hakuna siku ya kalenda ambayo leo na leo zinaangukia miaka miwili. Laravel iko na amri ya kusimamisha saa, travelTo, mstari mmoja tu: iambie ni 28 Desemba, ingiza kilo, iambie ni 4 Januari, ingiza tena, omba jumla. Yeyote aliyewahi kulima angelifikiria hilo kwa dakika moja. Aliyeandika hakuwahi kulima, na hakuna aliyemuuliza mkulima.

Saa yenyewe pia. Laravel kwa kawaida yake inatembea kwa saa ya UTC. Kinshasa iko mbele saa moja, sisi huku mashariki saa mbili. Kwa hiyo kuanzia saa sita ya usiku mpaka saa nane, Bukavu imeingia siku mpya na tovuti bado iko jana. Munaweza kusema nani anaingiza data saa hiyo. Si munamjua? Ni yule aliyengoja umeme urudi.

Sasa tuingie katika phpunit.xml. Humo kuna mistari miwili inayoamua majaribio yatumie SQLite ndani ya kumbukumbu ya mashini, badala ya MySQL. Katika matoleo ya zamani kidogo inakuja imezimwa, katika matoleo mapya imewashwa. Faida yake naiona: ni haraka, haihitaji kuweka kitu, majaribio yote yanakwisha kabla hujageuka. Lakini tovuti yenyewe, pale inapokaa, inatumia MySQL, na hizo mbili si dada pacha. Ukisema safu ya jina ipokee herufi 30 na ukaleta jina la herufi 45, SQLite inalipokea lote bila kuuliza. MySQL katika hali yake kali inakataa, na mtunza depo anaona ukurasa wa kosa ambao haelewi. Kwa watu wanaobana nom na postnom katika sehemu moja, herufi 30 zinajaa upesi.

Jambo hili kwetu lingekuwa aibu. Aina mpya ya maharagi ikifanya vizuri kwenye udongo wa volkeno wa Mulungu, pale INERA, hakuna anayekimbia kuitangaza Walungu, kwenye udongo wa tindikali uliochoka, kabla ya kuijaribu huko huko. Majaribio ya kituoni yana maana yake, ila kila mtu anajua yanaishia wapi. Hapa wandugu walipima Mulungu wakatangaza Walungu, na hawakujua kwamba wamefanya hivyo, juu uamuzi ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na faili ambalo hawakulifungua.

Kuna jaribio moja tu la kivinjari, wameliandika kwa Playwright: Chrome inafunguka yenyewe, inajaza fomu ya kupokea mazao, inabonyeza "Hifadhi", inaona ujumbe wa kijani. Ni kazi safi. Lakini faili la Playwright la mfano linakuja na agizo kwamba, likiendeshwa kwenye seva ya majaribio, jaribio likianguka lirudiwe mpaka mara mbili zaidi, na wao wameliacha hivyo. Nia ya waliotengeneza ni nzuri, mtandao ukiyumba usikusumbue bure. Kwetu mtandao ukiyumba ndiyo habari yenyewe! Tunataka kujua hasa kinachotokea pale konekso inapokatika katikati ya kubonyeza. Mtunza depo anabonyeza, kitu hakirudi, anabonyeza tena, halafu tena. Niliwaomba tujaribu hivyo kwa mkono. Kilo 62 za kahawa ziliingia mara tatu.

Mtu atasema ni nzuri kwa mkulima, amelipwa mara tatu. Hapana. Orodha itasema depo iko na kilo 186, depo iko na 62, na kilo 124 zinazokosekana zitaombwa kwa mtunza depo. Ni mama fulani anayepata mshahara mdogo, hawezi kusoma kode, na mbele yake kuna karatasi iliyotoka kwenye mashini.

Mambo ya namna hiyo yamekwisha kutokea, tena mahali penye umeme na wanasheria. Uingereza, posta yao ilitumia mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliokuwa wanaendesha ofisi ndogo za posta walihukumiwa kwa wizi na hesabu za uongo, wengine wakafungwa, juu mfumo ulisema pesa hazipo. Desemba 2019 mahakama ya London ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na makosa yenye uwezo wa kuleta upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu kwa jumla. Moja ya makosa yaliyojulikana limepewa jina la Dalmellington, mji mdogo wa Scotland: skrini inabaki pale pale, mtu anabonyeza tena akifikiri haijapokea, na pesa zile zile zinaandikwa tena. Ni kilo 62 zetu kabisa.

Dawa yake si kubwa. Fomu ikifunguliwa ipewe namba yake ya pekee, seva ikiona namba hiyo mara ya pili isiandike tena. Jaribio lake ni fupi kuliko dawa: tuma ombi lile lile mara mbili, hesabu mistari katika hifadhi, dai uwe mmoja. Na Playwright iko na setOffline, inayokata mtandao katikati ya jaribio na kuurudisha. Vitu hivyo vyote viko katika chombo walichokwisha kukiweka. Hawakukosa chombo.

Hapa niwape hoja yao, juu walijitetea. Moja ilikuwa mega. "Ndugu, ile ya kuendesha test kwa GitHub inaomba konekso ya Ulaya." Nawapinga kabisa, na nafikiri wengi kati yenu munafikiri kama wao. Ukiendesha majaribio kwa GitHub Actions, kinachotoka kwenye forfe yako ni kode uliyobadilisha, mara nyingi kilobaiti chache. Kupakua vifurushi vya PHP, kuweka MySQL, kupakua Chrome, vyote vinafanywa na mashini ya huko kwa mtandao wa huko. Kwa mradi ulio wazi ni bure, kwa mradi uliofungwa mpango wa bure unatoa dakika 2,000 kwa mwezi, na majaribio 34 hayamalizi dakika tano. Kinachokula mega ni kufanya kinyume chake: kuweka Playwright kwenye mashini yako mwenyewe na kuiacha ipakue Chromium, Firefox na WebKit, mamia ya mega, usiku mzima, na umeme unakatika kwenye asilimia 80. Ukitaka iwe kwako, iambie chromium peke yake. Kwa hiyo watu wenye konekso mbaya ndio wenye faida kubwa katika kitu hiki, na sisi tunakikimbia tukifikiri ni cha matajiri. Na huko huko ndipo MySQL ya kweli inawekwa bila kukusumbua.

Hoja ya pili ilikuwa muda na pesa, na hiyo siwezi kuitupa. Aliyewapa kazi anataka kuona kurasa, hatalipa franka moja kwa majaribio asiyoyaona. Ni kweli. Lakini walikuwa wamepoteza siku nzima kufikisha asilimia ya kode iliyoguswa na majaribio hadi 90, ili waiandike katika memwari. Asilimia hiyo inahesabu mistari iliyopitiwa, haihesabu mistari iliyohakikiwa. Unaweza kupita kwenye kode yote bila kudai chochote ukapata 100. Siku ile moja ingetosha kwa M'Cito, Desemba na Januari, na kubonyeza mara mbili, na namba ingebaki 60, na mimi ningeipenda 60 hiyo. Juri, nadhani, lingeipenda 90. Hilo nalo tulizungumze siku moja kwenye ukurasa huu, maana walimu wanaoomba namba ndio wanaozaa wanafunzi wanaoleta namba.

Mfano mzuri tunao karibu. Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008, kwa siku chache, katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Novemba mwaka ule ule iliwekwa kwa ajili ya mashariki ya Kongo, wakati vita vimewaka Kivu Kaskazini. Kode ya siku zile iliandikwa mbio, na kwa sababu inayoeleweka. Baadaye, walipoiandika upya, waliweka majaribio mengi kwa Behat, chombo cha PHP ambamo jaribio linaandikwa kwa sentensi za kawaida: ikiwa hali iko hivi, mtu akifanya hivi, basi kitokee hiki. Sentensi hizo zinaweza kuwa za Kifaransa pia. Maprogramu wengi hawaipendi Behat, wanasema ni kuandika kitu kile kile mara mbili, na hawana makosa, ni nzito. Mimi siwaambii muiweke. Ninachokipenda ni kwamba mtu asiye wa informatika anaweza kuisoma na kusema: hapana, kwetu haiendi hivyo. Katika mradi wa wandugu hawa hakuna mahali pa mtu huyo kusema. Mimi niliitwa kusahihisha majina ya mbegu baada ya kila kitu, na mtunza depo hakuitwa kabisa, aliletewa telefone na nenosiri.

Basi tulimwendea. Ana daftari lake la karatasi, la misimu miwili, na humo ndimo nilipata kosa ambalo hata mimi sikulifikiria. Kilo zake ameandika 12,5, kwa mkato, kama sisi wote tuliosoma kwa Kifaransa. Bei zake ameandika 1.500, kwa nukta, maana yake franka elfu moja mia tano. Dola ameandika 1,5. Kode ya wandugu inageuza maandishi kuwa namba kwa njia ya kawaida ya PHP, na PHP ikikutana na mkato inasimama: 12,5 inakuwa 12, bila kulalamika. Nusu kilo imekwenda, kila gunia. Na 1.500 inasoma moja na nusu. Katika majaribio yao kilo ni 10 na bei ni 100, kila mahali, na 10 mara 100 ni 1000, kijani.

Mkato ni rahisi, wameshautengeneza siku ile ile. Nukta ndiyo imetugawanya. Telefone nyingine klavye yake ya namba haina mkato, inatoa nukta tu, kwa hiyo mama huyo huyo akipima kwa telefone ataandika 12.5, na ni kumi na mbili na nusu kweli. Katika fomu moja, nukta ya kilo inakata na nukta ya bei inatenga maelfu. Mmoja anataka fomu ikatae nukta yoyote kwenye bei. Mwingine anasema tuangalie: ikifuatwa na tarakimu tatu ni maelfu, kama si tatu ni sehemu. Mimi nikamuuliza kilo 0.250 za mbegu za mboga atazifanya nini, na hakujibu mara moja. Mama akasema yeye angependa, akimaliza kuandika, aione bei kwa maneno kabla ya kubonyeza, "franka elfu moja mia tano", kama mtu anavyomrudishia hesabu sokoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Tumepiga picha kurasa sita za daftari lake, majina yamefunikwa, na mistari yake inaingizwa kama ilivyo, na mikato yake na nukta zake, mahali pa John Doe.